Mashine ya Manyoya ya Mama Happiness

Yunis Shekiondo, ambaye sisi majirani humwita Mama Happiness kwa jina la binti yake aliyeko Dodoma, alitengeneza jibini kwa miaka ishirini na sita katika shamba moja la ng'ombe huko Kwai. Mwenye shamba alikuwa mama wa Kizungu, mpole, mwenye sauti ya chini. Umri ulipomlemea aliamua kurudi kwao, na siku ya kuondoka aliwagawia wafanyakazi vitu vyake. Mmoja alipata kabati, mwingine baiskeli. Mama Happiness alifika wa mwisho, kwa sababu alikuwa bado anageuza jibini kwenye rafu, naye akapata mbwa wawili.

Mbwa hao, Bruno na Loti, si kama hawa wetu wanaolinda mahindi. Ni wakubwa kama ndama, weupe, na manyoya yao ni marefu kiasi cha kuficha macho. Waliumbiwa nchi ya theluji. Baridi ya Lushoto ya mwezi wa Julai, inayotulazimu sisi kuvaa masweta mawili, wao huiona ni joto, nao huvua. Huvua asubuhi, mchana na jioni, wala hawamalizi. Nyumbani kwa Mama Happiness manyoya yalikuwa juu ya makochi, chini ya makochi, ndani ya sukari na katikati ya kurasa za Biblia. Siku moja nilikuta nyoya la Loti ndani ya daftari langu, na daftari hilo halijawahi kuvuka barabara inayotenganisha nyumba zetu.

Yeye mwenyewe hakuyaona tena, kama mtu anayeishi karibu na maporomoko ya maji asivyosikia kelele zake. Alianza kuyaona siku alipogundua kwamba jumuiya haiji kwake.

Jumuiya yetu ya sala husali kila Jumamosi saa tisa alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Kuipokea jumuiya ni heshima: mwenye nyumba hupiga deki tangu alfajiri, hutandika vitambaa vya kufuma kwenye kila kochi, huchemsha magimbi, na kwa saa mbili nyumba yake huwa kanisa. Zamu ya Mama Happiness ilirukwa mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Mara ya pili ilisemwa kwamba kilima cha kwake kinateleza. Mara ya tatu ilisemwa tena kwamba ni mvua, lakini siku hiyo jumuiya ilikwenda nyumba inayofuata kwenye kilima kilekile, na mvua ilinyesha huko pia.

Akamfuata katibu wa jumuiya, Rahabu, ambaye ndiye anayetunza daftari la zamu. Nilikuwepo, nikisubiri kupewa miche ya kabichi.

"Rahabu mwanangu, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama. Karibu chai."

"Chai nitakunywa. Nimekosa nini?"

Rahabu alizungumzia hali ya hewa, kisha akaulizia afya ya Happiness, kisha akamaliza njia zote za kukwepa. "Mama, ni suti ya mwinjilisti."

Mwinjilisti wetu, Mzee Sefania, ana suti moja nyeusi. Mwaka juzi alikaa nayo kwenye kochi la Mama Happiness wakati wa sala, kisha akaondoka moja kwa moja kwenda kuongoza ibada ya harusi. Katika ibada hiyo ilimpasa kusimama kitambo kirefu akiitazama madhabahu, mgongo ukiwa kwa watu. Kutoka shingoni hadi magotini, nyuma alikuwa mweupe. Watoto wa kwaya walishindwa kuimba. Bibi harusi alicheka hadi shela ikatetemeka, na ndugu wa bwana harusi, waliotoka Shume na hawakujua habari za Bruno, walidhani analia, wakaanza kumfariji.

"Kwa hiyo watu wanasema nini?" akauliza Mama Happiness.

"Wanasema..." Rahabu aliitazama sufuria. "Ama mbwa, ama jumuiya. Si mimi ninayesema, mama."

Mwaka ule Mama Happiness alipoteguka mguu shambani, Bruno ndiye aliyebweka mpaka tukaenda. Na tangu mumewe afariki, hao wawili ndio wanaomngoja langoni. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Niandike Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ukikuta nyoya moja, nitawatafutia mbwa pa kwenda."

Rahabu alifungua daftari. Majina yote yalikuwa yameandikwa kwa wino wa buluu. Jina la Mama Happiness aliliandika kwa penseli.

Kesho yake mama huyo alikuja kwangu. Alikuwa amesikia kwamba mjini kuna mashine za kufyonza vumbi, zile ambazo watu wa hoteli huziita vakyumu, akataka nimsaidie kuchagua. Nikamwandikia maswali matano: nguvu ya mvuto, ukubwa wa chombo cha taka, aina ya brashi, upatikanaji wa vipuri, na uzito. Aliyasoma yote, akaikunja karatasi vizuri, akaiweka kifuani. Kisha akanionyesha maandalizi yake mwenyewe. Alikuwa amekata kipande cha zulia kuukuu, na ndani ya mfuko wa nailoni alikuwa amejaza manyoya aliyoyachana kwa Bruno asubuhi hiyo.

"Mashine haitajibu maswali, Mwalimu," alisema kwa upole. "Itajibu hiki."

Tulianzia duka la vifaa vya umeme pale mjini, la binti mmoja mchangamfu aitwaye Shamsa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nina hii ya kuchaji, haina waya, nyepesi kama mwiko. Mama, hii hata ukiwa umekaa unafanya kazi."

Mama Happiness alitandaza zulia lake, akamwaga manyoya, akawasha mashine, akaanza kuimba. Shamsa alinitazama. Ikabidi nieleze. Kule Kwai saa hazikudumu katika chumba cha jibini kwa sababu mvuke uliziua zote, hivyo Mama Happiness alizoea kupima muda kwa nyimbo za kitabu cha kanisa. Maziwa hukorogwa kwa wimbo fulani wenye beti sita, hupumzishwa kwa mwingine wenye nne. Sebule yake, kwa hesabu yake, ilihitaji nyimbo tano zenye pambio.

Mashine ile ilianza vizuri. Kwenye ubeti wa pili ilianza kukohoa. Kwenye wa tatu ilizimika, taa nyekundu ikawaka, naye akabaki anaimba peke yake.

"Haijajaa chaji," alisema Shamsa.

"Iliandika mia kwa mia, mwanangu."

"Basi labda mama unaimba taratibu mno."

Wakacheka wote wawili, Shamsa akaleta ya pili: mpya, ya kupendeza, yenye chombo cha plastiki kinachoonyesha taka ndani na brashi inayozunguka kwa kasi. Hii ilikuwa na pumzi. Ilimaliza ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ikaanza kutoa harufu ya mpira unaoungua. Tulipoipindua tulikuta brashi imejivika manyoya ya Bruno tangu mwanzo hadi mwisho, imenenepa kama gunzi la mahindi lenye nywele zake. Shamsa na Mama Happiness walitumia wembe na nusu saa kuinyoa.

"Mama," alisema Shamsa, akijifuta jasho, "huyu ni mbwa au ni kondoo?"

"Ni mbwa."

"Mchunguze tena."

Ni Shamsa huyohuyo, kwa wema wake, aliyetuelekeza Soni kwa Bwana Bakari, muuza mitumba ya vyombo vya umeme. Bakari ni mtu mzima, mswalihina, mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa vizuri. Alisikiliza haja yetu, akatazama mfuko wa nailoni, akarudi hatua mbili nyuma.

"Mama, nakuheshimu. Mashine nitakuonyesha. Lakini mzigo huo uufungue wewe mwenyewe, tena nje barazani, na mimi nitasimama huku."

"Ni makavu, Bwana Bakari."

"Hata yakiwa makavu, mimi nitasimama huku."

Kutoka nyuma ya duka akavuta chombo cha bati, cha rangi ya kijani kibichi, chenye magurudumu na bomba nene kama mkono. Kilikuwa kizito kuliko madebe mawili ya maji. Alipochomeka plagi, kilinguruma kama kiwanda cha mbao. Kuku wa jirani walikimbia. Mama Happiness alitandaza zulia, akamwaga manyoya, lakini hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa aimbe. Manyoya yalikuwa yamekwisha. Akajaribu kuligeuza bomba alitazame, na katika kuligeuza akalielekeza aliposimama Bakari, ambaye kwa udadisi alikuwa amesahau umbali wake na kuinama kutazama. Kofia ikaondoka kichwani, ikaganda kwenye mdomo wa bomba.

Bakari alizima mashine, akaikwanyua kofia yake kwa vidole viwili, akaitazama kwa huzuni.

"Mashine inauzwa," alisema. "Kofia haiuzwi. Na sasa itafuliwa mara saba."

Mama Happiness aliomba radhi mpaka Bakari mwenyewe akaanza kucheka. Tatizo lilikuwa moja tu. Mashine ile hutumia mfuko wa ndani wa kukusanyia taka, na mfuko uliokuwemo ulikuwa umetoboka. Mifuko mingine, alisema Bakari, haitengenezwi tena popote anapopajua. Lilikuwa swali langu la nne, la vipuri, nami nilikuwa tayari kusema hapana.

Mama Happiness alikuwa ameshauingiza mkono ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na rafiki.

"Mwalimu, hili si jambo geni. Ni kuchuja tu. Hewa ni kama maji ya jibini, lazima ipite. Taka ni kama maziwa yaliyoganda, lazima zibaki. Kitambaa cha kuchujia ninacho, nilipewa kipande kizima siku ya kustaafu. Nitashona mwenyewe."

Niliifikiria hoja hiyo kutoka kila upande, nikaona haina kasoro. Nasema hivi ili lawama za yaliyofuata zisimwangukie yeye peke yake.

Alishona mfuko Jumatano kwa cherehani yake ya mkono. Alhamisi tukaujaribu kwenye makochi. Ulimeza manyoya ya miaka miwili, na upande wa nyuma wa mashine haukutoa hata chembe. Ijumaa akafua vitambaa vyote vya kufuma, akavitia wanga, akavipiga pasi. Jumamosi saa nane mchana Bruno na Loti walikuwa wamefungwa bandani nyuma ya nyumba, magimbi yalikuwa jikoni, na mimi nilikuwa napanga mabenchi. Suti yangu ya kijivu niliivaa makusudi, kuonyesha imani.

Pakabaki sehemu moja: pembeni mwa mahali pa kuotea moto, pale ambapo mbwa, pamoja na joto lao, hulala miguuni pa Mama Happiness anapoota moto mwezi wote wa Julai. Manyoya yalikuwa yameshikamana na majivu.

"Nimalizie hapo tu," alisema, akawasha mashine.

Nyoya la mbwa ni refu, hukamatwa na kitambaa cha jibini bila shida. Majivu ni laini kuliko unga wa sembe. Kitambaa kinachopitisha maji ya jibini kikayapitisha majivu yote kwa ukarimu, na mashine, iliyokuwa na nguvu kuliko zote tulizoziona, ikayarusha kwa nyuma moja kwa moja mpaka darini. Yalipanda kama ukungu wa asubuhi, yakasimama kidogo kana kwamba yanatazama pa kutua, kisha yakatua. Yalitua juu ya vitambaa vya wanga. Yalitua juu ya vikombe. Yalitua juu yangu.

Tulikuwa bado tumesimama vile tuliposikia mlangoni, "Bwana Yesu asifiwe."

Mzee Sefania hufika nusu saa kabla ya wakati. Ni tabia yake tangu ujana. Nyuma yake alikuwa Rahabu na daftari lake, na nyuma ya Rahabu wanajumuiya wanane hivi. Mzee Sefania alikuwa amevaa suti nyeusi, na juu ya suti koti la mvua la plastiki lililofungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Nje jua lilikuwa linawaka. Wengine walikuja na khanga kuukuu mkononi, na mmoja alikuwa na gazeti la kukalia.

Mama Happiness alilitazama lile koti. Kisha akalitazama gazeti. Uso wake wote ulikuwa wa kijivu isipokuwa macho, nayo yalianza kujaa.

"Amina," alisema. "Karibuni. Jamani, mimi sikujua. Mngeniambia. Miaka miwili mnaniambia mvua."

Mwenye gazeti alilificha nyuma ya mgongo.

"Nilinunua mashine. Nimeshona mfuko kwa mikono yangu. Nilitaka mkae kwangu kama mnavyokaa kwa wengine." Akajifuta, akajipaka majivu zaidi. "Rahabu, futa jina. Ulifanya vizuri kutumia penseli."

Rahabu hakufungua daftari. Mzee Sefania alikuwa ameinama, anaitazama mashine.

"Mfuko ni wa kitambaa gani?" akauliza.

"Cha jibini, baba mwinjilisti."

"Tabaka ngapi?"

"Moja."

"Mke wangu marehemu alinunua kwako jibini laini kila Krismasi. Ile ulikuwa unaichuja kwa tabaka moja?"

Ile laini ilichujwa kwa tabaka nne. Mama Happiness alikuwa ameichuja hivyo kwa miaka ishirini na sita.

"Tabaka nne ni kazi ya nyimbo mbili," alisema polepole.

"Basi kashone," alisema Mzee Sefania. "Sisi tutaimba." Akafungua kifungo cha kwanza cha koti lake la plastiki, kisha cha pili, akalivua lote, akalitundika kwenye msumari. Akaketi na suti yake nyeusi juu ya kochi lenye majivu, mahali palepale alipokaa mwaka juzi. Mmoja baada ya mwingine, wengine wakaketi. Gazeti lilibaki mlangoni.

Tuliimba. Mzee Sefania alichagua wimbo wenye beti tisa, na tulipoufikisha mwisho bila cherehani kunyamaza, aliturudisha ubeti wa kwanza kana kwamba amesahau kitu. Kutoka chumbani cherehani ilienda nasi. Wakati fulani bandani Bruno naye aliingia, kwa sauti ya chini, na sikuona mtu wa kumkataza. Sala zikasaliwa, Neno likasomwa, magimbi yakafutwa majivu na kuliwa.

Ilipofika saa kumi na moja, watu wakainuka kuondoka, kila mmoja akageuza shingo kutazama mgongo wa mwenzake. Tulikuwa wa kijivu wote, kama kundi la punda.

"Ngojeni hapo hapo," alisema Mama Happiness.

Alisimama mlangoni na bomba mkononi, mfuko mpya ukiwa ndani. "Baba mwinjilisti, tangulia. Nyoosha mikono."

Mzee Sefania alinyoosha mikono pembeni, akafumba macho. Mashine ikanguruma. Bomba likapita mabegani, likashuka mgongoni, likazunguka mifukoni, na nyuma ya mashine hapakutoka hata chembe. Likachomoa nyoya moja refu jeupe kutoka chini ya ukosi, nyoya ambalo kwa hakika lilikuwa la siku ya harusi. Alipogeuka, suti ilikuwa nyeusi kuliko alivyokuja nayo.

"Inasisimua kidogo mgongoni," alisema, "lakini si vibaya."

Basi tukapanga foleni. Mwenye gazeti alipita mara mbili, akidai kwamba upande wa kushoto haukukamilika. Mwanamke mmoja aliomba kilemba chake kisiguswe, kisha akabadili mawazo. Nilipofika zamu yangu nilisikia mvuto ule ukipita juu ya suti yangu ya kijivu, nikaelewa kwa nini kuku wa Soni walikimbia.

Rahabu alikuwa wa mwisho. Alipokwisha kusafishwa, alibaki amesimama, akijigusagusa mifukoni.

"Mwalimu, una kalamu?"

Nilikuwa nayo; sijawahi kutoka nyumbani bila kalamu. Aliliegemeza daftari kwenye fremu ya mlango, akapitisha wino juu ya ile penseli, herufi kwa herufi. Kisha akafunua ukurasa unaofuata, akaliandika jina la Mama Happiness tena kwenye zamu ya Oktoba.

"Oktoba si mapema mno?" aliuliza Mama Happiness. "Wengine hawajafikiwa."

"Wengine hawana mashine, mama," alisema Rahabu.

Oktoba ilipofika, Mzee Sefania alikuja nusu saa kabla ya wakati, kama kawaida yake, na suti yake nyeusi, bila koti la mvua. Loti alikuwa amelala mlangoni bila kufungwa, naye mwinjilisti alimruka kwa uangalifu. Chini ya kwapa alikuwa amebeba kifurushi kilichofungwa vizuri kwa kamba.

"Mama Happiness," alisema, akishusha sauti ili sisi wengine tusisikie, "ni joho langu la ibada. Kama haitakuwa usumbufu, baada ya amina."